Kwa nini korongo wa Mwaloni hawatukimbii?

Ukifika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, utawakuta wamesimama kama walinzi wa zamu: korongo wakubwa wenye upara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni. Ndio marabu. Mchukuzi akipita na tenga la samaki, ndege anasogea hatua mbili tu. Porini angeruka mapema. Je, amefugwa? Hapana, amejifunza.

Kukimbia kuna gharama. Marabu, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa huweza kupita mita 2.5, akiruka kila apitapo mtu atachoka bure, na utumbo uliotupwa utaliwa na mwenzake. Siku hadi siku anaona kwamba watu wa sokoni wana shughuli zao, na palipo na kisu pana mabaki. Woga unapungua, ila hauishi: mfuate moja kwa moja uone atakavyoondoka. Na kile kichwa kisicho na manyoya, kinachomfaa kuchokonoa mizoga porini bila kuchafuka, kinamfaa vilevile jalalani.

Anayenistaajabisha zaidi, hata hivyo, ni mdiria mweusi na mweupe, yule anayepigapiga mabawa akiwa ametulia hewani juu ya Ghuba ya Mwanza kabla ya kujitupa majini. Zamani alikula furu, samaki wadogo wa ziwa hili. Kuanzia miaka ya 1950 sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, akapandikizwa ziwani, na kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wameadimika, huku dagaa wakiongezeka. Watafiti waliofuatilia mlo wa mdiria katika ghuba hii walikuta naye amehamia kwenye dagaa. Dagaa ni mwembamba, hivyo inambidi anase wengi zaidi kwa siku. Bahati yake, mdiria anaweza kummeza samaki mdogo akiwa angani, bila kurudi kwanza kwenye tawi. Fikiria: binadamu kabadilisha ziwa zima, na ndege mwepesi kuliko embe akabadilisha mlo.

Lakini kujifunza kuna mpaka. Marabu humeza vipande vizima, na kitu kinachonuka samaki kwake ni samaki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Vipande vya nyavu na kamba za nailoni bado vimelala mchangani, mahali palepale anapodonoa.