Majilio si likizo ya kudai haki

Kila Desemba utasikia waumini wakisema Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi, ni majuma manne ya kutulia na kungoja. Mambo ya haki, mishahara na dhuluma yasubiri Januari. Imani hii imezoeleka, lakini masomo ya kipindi chenyewe yanaikataa.

Chukua Luka 3, linalosomwa Jumapili ya tatu ya Majilio katika Mwaka C, mmoja wa miaka mitatu ya mzunguko wa masomo ya kanisani. Watu wanamuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Hawaambii wakae kimya. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasizidishe kiwango. Askari wasidhulumu mtu, waridhike na mshahara wao. Ukisimamishwa barabarani na trafiki anayetaka “kitu kidogo”, unaona andiko halijachakaa.

Na tumaini je? Padri Mjesuiti Alfred Delp, Mjerumani, alikuwa katika kundi la Kreisau, lililopanga kwa siri namna ya kujenga jamii yenye haki baada ya Hitler. Desemba 1944 alikuwa gerezani Tegel, Berlin, mikono imefungwa pingu, akiandika tafakari za Majilio. Karatasi zilitolewa kwa siri pamoja na nguo za kufuliwa. Alinyongwa tarehe 2 Februari 1945. Kwake kungoja hakukuwa kukunja mikono: aliandika kwamba Majilio ni wakati wa kutikiswa na kuamka.

Kesha na sala zina nafasi yake, tena kubwa. Ila anayezitumia kumnyamazisha kibarua anayedai ujira wake hajamsikiliza Yohana.