Mama haoni, lakini kiwanja ni chake

Kijana mmoja aliingia ofisini kwangu amemshika mama yake mkono. Akamketisha karibu na mlango, kisha akasogea mezani na karatasi. "Wakili, ni mauziano ya kiwanja tu. Mama haoni na hakusoma, nitasaini mimi."

Nikamwomba amsogeze mama mezani. Shikamoo, marahaba. Kiwanja kiko wapi? Akanitajia majirani wa pande zote nne, mpaka yule aliyehama baada ya mafuriko. Unauza shilingi ngapi? "Milioni sita, mwanangu."

Karatasi ilisema nane. Nikamwambia mama.

Mitaani kwetu mzee akipofuka au akipata kiharusi, watoto hukaa kikao wakachagua "msimamizi" wa mali zake. Msimamizi wa mirathi huja mtu akishafariki. Mtu akiwa hai, kikao cha familia hakiwezi kumvua haki yake. Hata pale akili inapokuwa imeondoka kabisa, wa kuteua msimamizi ni mahakama.

Kwa Tanzania, Sheria ya Mikataba, kifungu cha 11, inataka mambo matatu: uwe na miaka 18, uwe na akili timamu, na usiwe umezuiwa na sheria nyingine. Macho hayamo. Darasa la saba halimo. Asiyejua kusoma anasomewa hati kwa lugha anayoielewa, inaandikwa humo kwamba amesomewa na ameelewa, ndipo anaweka dole gumba. Kuolewa nako hakupunguzi kitu: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 56, inampa mke haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali, kuiuza, kuingia mikataba na kushtaki kwa jina lake.

Kifungu ninachokipenda zaidi ni cha 12 cha Sheria hiyo ya Mikataba. Hakiulizi unaumwa nini. Kinauliza kama, wakati unaingia mkataba, unauelewa na unaweza kupima utakuathiri vipi. Hata mtu ambaye akili yake huja na kuondoka anaweza kufunga mkataba siku ambayo imetulia. Linganisha na Katiba, ibara ya 5: inampa kura raia wa miaka 18, halafu inaliruhusu Bunge kumzuia mwenye "ugonjwa wa akili". Pale kinachotazamwa ni jina la ugonjwa, si uwezo wa kuamua. Sijawahi kuelewa kwa nini mtu aaminiwe kuuza shamba lake lakini asiaminiwe kuchagua diwani, tena katika nchi iliyoridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 12 inasema uwezo wa kisheria ni wa wote.

Turudi mezani. Kijana hakukata tamaa: "Basi aniandikie hati ya uwakilishi, nitende kwa niaba yake, siku akili zikimpotea niendelee." Wengi huja na wazo hili. Uwakilishi wa kawaida hukoma aliyeutoa akifariki au akipoteza utimamu wa akili, yaani siku ileile kijana aliyokuwa akiisubiri.

Mama alikuwa amenyamaza muda wote huo. Akauliza, "Na nikikataa kuandika?"

"Utakuwa umekataa, mama."

Akapapasa fimbo yake. "Haya. Kwanza anieleze hizo milioni mbili."