Elimu kwa umma: Tundu la kiwavi si cheti cha kilimo hai

Siku ya Udongo Duniani ni tarehe 5 Desemba, na kila ikikaribia maswali huongezeka mezani kwetu sisi tunaokagua kilimo hai. Safari hii malalamiko yamezidi maswali. Wateja wanasema wamenunua mchicha na sukuma wiki kwa bei ya juu kwa sababu kibao kimeandikwa "oganiki", yaani mazao ya kilimo hai, kisha wanatutaka sisi tuwathibitishie. Wauzaji nao wanasema wanasumbuliwa bure, maana "hatujapiga dawa", na huonyesha matundu ya viwavi kwenye majani kama ushahidi. Naamini wote wana nia njema. Lakini kutopiga dawa si kilimo hai. Shamba lililotelekezwa nalo halijapigwa dawa.

Kilimo hai, yaani kulima kwa kuulisha udongo bila mbolea wala dawa za viwandani, kinaanzia chini, kwenye udongo. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, hulima kwenye miteremko mikali ambako mvua ingeshafagia kila kitu. Hufyeka nyasi, hulaza mafungu yake yakikatana kama miraba, kisha huyafukia kwa udongo wanaouchimba katikati. Hapo hubaki mashimo, ndiyo ngoro, yakiwa yamezungukwa na matuta yenye nyasi zinazooza ndani. Maharage hupandwa juu ya matuta, mahindi hufuata msimu mwingine. Maji hutulia shimoni yakazama taratibu. Hakuna aliyewaletea semina. Mkoani humohumo watawa wa Peramiho walieneza marejea, mmea wa jamii ya mikunde unaolimwa si kwa ajili ya sufuria bali ili urudi ardhini.

Ukitaka kujua kama mikunde yako inafanya kazi, ng'oa mche wa maharage unapotoa maua, osha mizizi polepole, pasua kwa ukucha kifundo kimoja, yaani uvimbe mdogo kwenye mzizi. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wanavuta naitrojeni, chakula cha mmea, kutoka hewani. Kikiwa cheupe au cha kijani, hupati kitu. Kipimo hiki hakihitaji maabara, na bado kuna wakulima waliopanda maharage maisha yao yote bila kukijaribu.

Niseme wazi kwa sababu tunanukuliwa vibaya: hatusemi mbolea ya dukani ni sumu. Tunachosema ni kwamba mbolea za dukani kama Urea na DAP zikitumika miaka mfululizo bila samadi wala chokaa huongeza asidi. pH, kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi, ikienda chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kuumiza mizizi, na fosforasi uliyoinunua hukamatwa na udongo. Mkulima anaongeza mfuko, mahindi hayauoni. Anayelima kwa kuhuisha udongo, yaani kuufunika kwa matandazo, kupunguza kuutifua na kubadilisha mazao, anaweza kutumia mbolea hiyo kwa kiasi. Wa kilimo hai haruhusiwi. Hizi ni njia mbili zinazokaribiana, lakini cheti cha kilimo hai ni cha moja tu.

Na afya ya mlaji? Hapa naomba tahadhari. Udongo wenye mboji hulea fangasi wanaoishi na mizizi, nao huusaidia mmea kufikia fosforasi na zinki. Udongo ukipungukiwa na zinki, punje nayo hupungukiwa, na mtoto anayeishi kwa ugali pekee hukosa madini ya ukuaji na kinga. Uhusiano huo upo. Lakini mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia tafiti nyingi, wasione ushahidi wenye nguvu kwamba chakula cha kilimo hai kina virutubisho zaidi, ingawa mabaki ya viuatilifu yalikuwa machache. Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle ilipitia machapisho 343 ikakuta antioksidanti (viambato vinavyokinga seli) nyingi zaidi na kadimiamu, metali yenye sumu, kidogo. Basi asiwepo mama anayeacha kumpa mtoto mchicha eti hauna nembo.

Zipo pia hatari ambazo kuacha dawa hakuziondoi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, ulipima metali nzito kama risasi na kadimiamu kwenye majani. Maji machafu hayajali kama umepiga dawa au la. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mahindi yasiyokaushwa vizuri huota ukungu hata yawe yamelimwa kwa samadi ya ng'ombe watakatifu. Samadi mbichi juu ya mboga zinazoliwa bila kupikwa inaleta vimelea. Halafu kuna hili la "dawa ya asili haina madhara", ambalo kwa kweli limetuchosha. Nikotini ya tumbaku ni sumu kwa anayeichanganya kwa mikono mitupu. Utupa, mmea unaotwangwa kuwa dawa ya wadudu, huua samaki. Babu zetu waliutumia kuvulia.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo vikundi vingi hukwama. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimo hai, EAS 456, kilichopitishwa mwaka 2007, na nembo ya Kilimohai. Nembo hiyo haichapishwi kwa hiari yako. Kwa soko la Umoja wa Ulaya, kanuni ya 2018/848 inataka ardhi ipite kipindi cha mpito: miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu, miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza kwa mazao ya kudumu kama kahawa. Kikundi kiwe na usajili wake kisheria, wanachama wasizidi 2,000, na kiwe na mfumo wa ndani wa udhibiti: ramani ya kila shamba, historia ya pembejeo, mkataba wa kila mwanachama, ripoti ya mkaguzi wa ndani, stakabadhi za mauzo. Mkaguzi wa nje hurudia ukaguzi kwa angalau asilimia 5 ya wanachama kila mwaka, na sampuli huchukuliwa kwa angalau asilimia 2.

Kasoro ndogo huandikiwa maelekezo na muda wa kurekebisha. Usiporekebisha, cheti husimamishwa. Ikithibitika umetumia kiuatilifu kilichokatazwa, shamba hutolewa kwenye cheti na saa ya mpito huanza kuhesabiwa upya. Mfumo wa ndani ukionekana umelala, cheti cha kikundi kizima kinaweza kuondolewa, hata kwa wale ambao hawajawahi kushika bomba la dawa. Adhabu za mahakamani naziachia kitengo cha sheria.

Jirani akipulizia na upepo ukaleta kwako, andika tarehe, saa na jina la dawa kama unalijua, uripoti kabla hujaulizwa. Ukanda wa kinga baina ya mashamba upandwe matete au uachwe wazi, na mazao ya ukanda huo yasichanganywe na mengine stoo. "Sikujua" tunaisikia kila wiki.

Mteja wa sokoni asiombe kuona tundu la kiwavi. Aulize jina la kikundi, namba ya cheti na tarehe ya mwisho wake. Vikundi vinavyotaka kukaguliwa vilete ramani na madaftari kabla ya kupanda. Msimu uliopita wengi walileta madaftari wakati magunia yako tayari kwenye lori.