Wanga darasani: iodini, ndizi mbichi na kijiko cha mate

Mtoto wa darasa la nne ukimuuliza wanga ni nini, atakutajia ugali, wali na viazi. Amekariri orodha. Wanga wenyewe hajawahi kuuona, ingawa ni unga mweupe unaoshikika, unaotua chini ya beseni ukiuacha dakika ishirini, na unaobadilika rangi mbele ya macho ukiudondoshea dawa ya kidonda. Vitu vyote vya somo hili vinapatikana sokoni na duka la dawa, na kundi la watoto watano linaweza kulifanya kwenye dawati moja bila moto mezani. Kazi ngumu ya mwalimu ni kujua lini rangi inasema kweli na lini inadanganya, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Tuanze na dawa. Duka la dawa utapata tinktura ya iodini au povidoni-iodini ya asilimia 10, ile ya kusafishia vidonda. Zote mbili zinafaa. Povidoni ni nyeusi mno ikitumika kama ilivyo, na kosa linaloharibu masomo mengi kuliko yote ni hilo: tone likiwa jeusi tangu mwanzo, mtoto hawezi kutofautisha kahawia ya dawa na buluu-nyeusi ya wanga. Changanya kijiko kimoja cha chai cha dawa na vijiko kumi vya maji, mpaka ifikie rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Weka kwenye chupa yenye rangi, mbali na jua, na utengeneze ya wiki hiyo tu, kwa sababu ikikaa inapauka. Chupa kubwa inabaki mkononi mwa mwalimu. Watoto wanapewa kizibo kimoja cha maji ya iodini kwa kundi, pamoja na mrija wa soda: unachovya ncha, unaziba juu kwa kidole, unainua, unaachia tone.

Sampuli ziwekwe kwenye sahani nyeupe au mfuniko wa ndoo. Zisiwekwe kamwe juu ya karatasi ya daftari. Karatasi nyingi hutiwa wanga kiwandani ili wino usisambae, kwa hiyo tone likimwagika pembeni ya kipande cha tango linageuka buluu-nyeusi, na darasa zima linaandika kwamba tango lina wanga mwingi. Shati lililotiwa wanga kabla ya kupigwa pasi nalo hufanya hivyohivyo, na wazazi hawafurahi.

Kabla ya kupima chochote, watoto wautoe wanga wenyewe. Nusu kilo ya viazi mviringo inatosha kundi moja. Osha, menya, kwaruza kwa kile kikwaruzio cha karoti, mimina lita moja ya maji baridi, vuruga kwa mkono dakika mbili, kisha kamua kwa kitambaa cha kukamulia tui juu ya beseni. Maji yatatoka machafu yenye rangi ya kahawia. Msiyaguse dakika ishirini. Ukimwaga maji ya juu taratibu, chini utakuta tabaka jeupe, gumu, linalolia chini ya kidole. Mimina maji safi, vuruga, acha litue tena, mwaga. Utapata kama vijiko vitatu au vinne vya chakula. Ukiona umepata kidogo sana, mara nyingi viazi vilikwaruzwa kwa matundu makubwa: wanga umo ndani ya seli, na seli isiyopasuka haiachii kitu. Kwa nini viazi na si muhogo? Muhogo hutoa wanga mzuri zaidi, lakini watoto hulamba vidole, na muhogo mchungu ukiwa mbichi una sumu. Kama ni lazima muhogo, nunua ule mtamu wa kutafunwa kutoka kwa mtu unayemwamini.

Sasa vitone viwili kwenye sahani moja: kimoja juu ya wanga huo, kimoja juu ya maji matupu. Cha kwanza buluu-nyeusi, cha pili kinabaki kahawia. Sahani hii ibaki mezani mpaka mwisho wa kipindi, kwa sababu ndiyo kipimo cha kulinganishia kila kitu kitakachofuata. Mtoto atauliza, na ni swali zuri, mbona chumvi ya nyumbani ina madini joto, ambayo ndiyo iodini, lakini wali uliotiwa chumvi haugeuki mweusi. Iodini ya kwenye chumvi ipo katika umbo la potasiamu iodeti, na umbo hilo peke yake halishikani na wanga.

Kwa upande wa chakula chenyewe, hakuna kinachofundisha kama ndizi. Nunua chane moja mbichi ya mtwike au ndizi nyingine ya kuliwa ikiwa imeiva. Iwe chane moja, maana ukichanganya aina za ndizi hutajua kama tofauti imetokana na kuiva au na mbegu. Siku tano kabla ya somo, chukua tatu uzivundike kwenye mfuko wa karatasi pamoja na tunda lililoiva. Siku mbili kabla, vundika nyingine tatu. Zilizobaki ziache mahali pa wazi penye hewa, mbali na matunda mengine. Friji isitumike kuzichelewesha: chini ya nyuzi joto 13 hivi ganda la ndizi linaingia weusi na nyama yake haiivi tena inavyopaswa.

Siku ya somo kata vipande vya unene wa nusu sentimita, tone moja kwa kila kipande, subiri dakika moja. Mbichi inageuka nyeusi karibu yote. Ya katikati inatoka na madoa, huku imeshika, huku haikushika. Iliyoiva kabisa yenye vidoa vya kahawia kwenye ganda haibadiliki karibu kabisa. Nyama ya ndizi mbichi ina wanga kama asilimia 20 ya uzito wake. Ikiiva unabaki asilimia moja au mbili, mwingine wote umekuwa sukari. Waonje kipande kingine ambacho hakikuguswa na dawa, na ulimi utathibitisha walichokiona. Pima mara tu baada ya kukata, kwa kuwa ndizi iliyokaa wazi hugeuka kahawia yenyewe kwa hewa, na mtoto wa tatu kwenye foleni atadhani ni dawa. Kisu kipakwe mafuta kidogo, la sivyo utomvu utakisumbua.

Halafu, wakishaamini kwamba kuiva ni kuisha wanga, wape mzuzu ulioiva. Ganda la njano, madoa meusi, lakini tone linageuka jeusi vilevile. Mzuzu huhifadhi wanga mwingi hata ukiwa umeiva, na ndiyo maana watu huukaanga au kuuchemsha badala ya kuumenya na kuula. Mimi huuweka mwisho makusudi. Kanuni iliyopata mfano mmoja wa kuisumbua hukaa kichwani kuliko kanuni isiyosumbuliwa.

Mtego mwingine ni machungwa. Dondosha iodini kwenye maji ya chungwa au limau, rangi inapotea papo hapo. Si kwamba hakuna wanga tu; vitamini C imeiharibu iodini yenyewe, hivyo hata ukitia wanga baadaye hutaona kitu. Jibu la "hakuna wanga" kwa tunda chachu si jibu. Faida yake ni moja: doa la iodini kwenye meza au kidole linatolewa kwa maji ya limau.

Uji nao una kiini macho chake, na huu afanye mwalimu. Koroga nusu kijiko cha chai cha wanga katika maji baridi kidogo, mimina kwenye glasi moja ya maji (mililita 250) yanayochemka, koroga mpaka yawe ang'avu. Wanga huvimba na kupasuka kati ya nyuzi joto 60 na 70 hivi, ndiyo maana uji unakuwa mzito ghafla na si polepole. Tia iodini ungali unachemka: rangi haishiki au inafifia. Zamisha kikombe kwenye beseni la maji baridi, na buluu inaingia. Nyuzi za wanga hujisokota na kuikamata iodini zikipoa. Zikipata moto hulegea na kuiachia. Usirudie zaidi ya mara mbili kwa kikombe kilekile, maana iodini hupaa na mvuke. Somo la vitendo ni hili: kila chakula kilichopikwa kipoe kabisa kabla ya kupimwa.

Uji huohuo mwembamba, usiotiwa dawa, ukipoa mpaka uwe vuguvugu unafaa kwa jaribio la mate. Kila mtoto ana vikombe vyake na hakuna anayeshika cha mwenzake. Mwenye kidonda mdomoni au kikohozi anaandika matokeo tu. Anayetoa mate asukutue kwa maji kwanza. Kikombe A: vijiko viwili vya chakula vya uji na nusu kijiko cha chai cha mate. Kikombe B: uji uleule na nusu kijiko cha maji. Vikombe vikae kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hivi. Njombe au Lushoto mwezi Julai bila beseni hilo utangoja mpaka kengele ilie. Kila dakika mbili, chota tone kwa mrija, mrija wake kwa kila kikombe, uliweke juu ya tone la iodini kwenye sahani. Usitie iodini ndani ya kikombe.

B inabaki buluu-nyeusi mpaka mwisho. A inapita zambarau, kahawia nyekundu, hadi rangi ya iodini tupu, kwa kawaida ndani ya dakika tano hadi ishirini. Kimeng'enya cha amilesi kilichomo kwenye mate kimeukata wanga kuwa sukari. Isipotokea, sababu huwa ni moja kati ya tatu: uji mzito mno, mate yalitiwa uji ukiwa wa moto na kimeng'enya kikafa, au ulichovya mrija wa B kwenye A. Ukitaka kikombe C kuonyesha kwamba uchachu hukizuia kimeng'enya, tumia siki nyeupe kijiko kimoja cha chai. Limau hapana, msomaji aliyefika hapa anajua kwa nini.

Vitabu hupenda kuongeza kwamba ukitafuna mkate dakika moja utasikia utamu. Utamu huo ni hafifu, maana sukari inayotoka ni maltosi, isiyo tamu kama sukari ya chai, na nusu ya darasa hawatausikia. Wasilazimishwe kusema wameusikia.

Kilichoguswa na iodini kinakwenda jalalani, hata kama ni kidogo. Ndizi na viazi ambavyo havikuguswa vichemshwe na kuliwa, na wanga uliobaki kwenye beseni ukauke kivulini kwa ajili ya kundi la kesho.