Meli ya nyuklia nayo huhitaji mafuta

Kuna ujumbe usiokufa kwenye magrupu: eti meli za Marekani za kubeba ndege za kivita, kwa kuwa zinaendeshwa kwa nyuklia, hukaa baharini miaka 20 bila kuhitaji kitu kutoka nje.

Ukweli umo, ila nusu. Fueli ya kinu cha nyuklia hudumu kweli miaka 20 na zaidi, na nguvu yake husukuma meli na kutoa umeme. Lakini ndege zilizo juu yake hazitumii nyuklia. Zinakunywa mafuta ya ndege, tena si kidogo. Na watu wapatao 5,000 wanakula kila siku. Ndiyo maana kila baada ya siku kadhaa meli ya ugavi huja kwenda nayo sambamba, zote zikiwa mwendoni, mabomba yamening'inia kwenye nyaya katikati yao, helikopta zikivusha mizigo ya vyakula.

Kuhakikisha si kazi: tafuta picha za meli hizo zikijazwa mafuta baharini, ziko tele. Wala si meli zote za aina hii ni za nyuklia. Za Uingereza hutumia mafuta ya kawaida.

Kinachochanganya watu ni hiyo miaka 20, ambayo ni umri wa fueli, si urefu wa safari. Ukiletewa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.