Swali la majibu mengi: kwa nini asilimia zinavuka mia

Swali la majibu mengi ni lile la dodoso linalosema "weka tiki kwenye yote yanayokuhusu". Tuseme mhojiwa anaulizwa habari huzipata wapi: redio, televisheni, simu au gazeti. Anaweza kutia tiki moja, zote nne, au asitie hata moja. Kwenye karatasi hilo ni swali moja. Kwenye data ni manne, kila moja la ndiyo au hapana. Kila chaguo lina safu yake: 1 kwa aliyetia tiki, 0 kwa ambaye hakutia. Fomu za mtandaoni mara nyingi hurundika majibu yote kwenye kisanduku kimoja, yakitenganishwa na mikato tu. Yatawanye kwanza, kila chaguo kwenye safu yake.

Kwenye SPSS, programu ya kuchambua takwimu, ingia Analyze, kisha Multiple Response, fungua Define Variable Sets, ingiza safu zote nne na uiambie ihesabu 1. Seti inayopatikana hapo haihifadhiwi pamoja na faili la data. Ukifunga programu imepotea. Mimi huweka amri zake kwenye faili la sintaksi, yaani faili la amri zilizoandikwa, maana kubofya upya kila asubuhi kunachosha.

Jedwali litakalotoka lina asilimia za aina mbili, na hapo ndipo ripoti nyingi huharibika. Chukua watu 200: simu imepata tiki 150, redio 120, televisheni 100, gazeti 30. Jumla ni tiki 400. Ukigawa 150 kwa 400 unapata asilimia 37.5, yaani sehemu ya simu katika majibu yote. Ukigawa kwa 200 unapata asilimia 75, yaani watu wanaotumia simu. Ukijumlisha asilimia za aina hii ya pili kwa vyanzo vyote vinne utapata asilimia 200. Si kosa, ni kwamba kila mtu ametoa wastani wa majibu mawili. Ukitaka kuandika "robo tatu ya wahojiwa", tumia hiyo ya pili. Kwa sababu hiyohiyo chati ya duara haifai hapa, tumia ya mihimili.

Kuna mtego mwingine usioonekana upesi. SPSS humhesabu asiyetia tiki yoyote kama hakujibu, ikamwondoa kwenye kigawanyo. Kama uliwahoji watu 250 na 50 wakaacha vyote, jedwali bado litasema asilimia 75, ilhali kwa wote uliowahoji simu ina 60. Dawa yake ni kuongeza chaguo la "hakuna hata kimoja" tangu kwenye dodoso.

Na ukitaka kulinganisha, tuseme, wanawake na wanaume, usilifanyie jedwali zima jaribio la kawaida la kai-mraba, lile la kupima kama tofauti kati ya makundi ni ya kweli au ya bahati tu. Jaribio hilo linataka kila mtu ahesabiwe mara moja tu, na hapa mtu mmoja yumo kwenye mistari miwili au mitatu. Pima safu mojamoja: simu peke yake, redio peke yake.