Mashine Haina Kinyongo: Tunayoyakosea Kuhusu Hadithi za Distopia

Jumamosi moja kila mwezi tunakutana watu wanane au tisa nyumbani kwa rafiki yangu mtaani Umoja, Nairobi, tunakunywa chai na kubishana juu ya kitabu. Mwezi uliopita zamu ya kuchagua ilikuwa yangu. Nilipeleka hadithi fupi ya Mwingereza E. M. Forster, The Machine Stops, ya mwaka 1909. Nakala ilikuwa moja tu, nayo niliipata kwa wale wauza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara, ambako sharti uiname ndipo uchague. Kwa hiyo niliisimulia kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho.

Chai haijapoa, nilikuwa nimeshasikia karibu makosa yote ambayo watu huyafanya kuhusu hadithi za distopia, yaani za dunia ya kubuni iliyoharibika. Siku ile sikufua dafu, maana wenzangu wana sauti kunizidi. Hapa hakuna wa kunikatiza.

Tuanze na neno. Distopia lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni mahali pabaya. Mwingereza Thomas More alikuwa ametuletea kitabu cha Utopia mwaka 1516, kuhusu kisiwa ambako mambo yote yanakwenda sawa. Mwaka 1868 John Stuart Mill, mwanafalsafa na mbunge, akasimama bungeni London na kuwakejeli wakubwa wa serikali kwa kutumia kinyume chake. Kilichomkera kilikuwa sera zao za ardhi kule Ireland. Kompyuta hazikuwapo, lakini ugomvi wa mashamba ulikuwapo.

Dhana: "Hawa waandishi walitabiri. Orwell alijuaje?"

Hakujua. Alikuwa akiandika aliyoyaona. Riwaya yake ya Nineteen Eighty-Four, kuhusu serikali inayomchunguza kila raia, ilitoka tarehe 8 Juni 1949, na kabla ya hapo, kati ya 1941 na 1943, alifanya kazi BBC, akiandaa matangazo ya kupelekwa India wakati vita vimepamba moto na kila neno likipitia kwa mkaguzi. Kile Chumba 101 cha mateso kinachotisha wasomaji kilichukua namba ya chumba cha mikutano cha BBC. Naamini mikutano yenyewe ilikuwa mirefu.

Hebu hesabu vifaa vilivyomo kitabuni. Kuna mirija ya kupitishia karatasi, matundu ya kutupia nyaraka zikateketezwe, vipaza sauti, na skrini ukutani, wakati ambapo televisheni ilikuwa imeshavumbuliwa. Hiyo ni ofisi ya miaka ya vita iliyopakwa rangi nyeusi zaidi. Anayesoma ili ahesabu "alipatia mangapi" anaisoma kama tikiti ya bahati nasibu.

Dhana: "Ni watu waliochukia teknolojia."

Yevgeny Zamyatin, Mrusi aliyeandika riwaya ya We, alikuwa mhandisi wa meli. Katika miaka ya 1916 na 1917 alikuwa Uingereza akisimamia ujenzi wa meli za kuvunjia barafu. Mashine alizijua hadi nati. Riwaya yake, ambayo watu wake wana namba badala ya majina na nyumba zao ni za kioo, ilichapishwa kwanza kwa Kiingereza mwaka 1924. Nyumbani kwao, katika Muungano wa Kisovieti, ilisubiri hadi 1988. Msimulizi wake naye ni mhandisi, anayemsifu kama nabii Frederick Taylor, yule Mmarekani aliyepima kazi ya kibarua kwa saa ya kupimia muda, sekunde kwa sekunde. Zamyatin hakuwa na ugomvi na chuma. Alichokiogopa ni kumwona binadamu akihesabiwa kama chuma.

Forster ndiye anayenikosesha usingizi. Watu wa hadithi yake wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja peke yake katika chumba chenye pembe sita kama tundu la sega. Ukitaka chakula kuna kitufe. Ukitaka maji ya moto, muziki au kitanda, vitufe vipo. Vashti, mama mtu mzima, anafahamiana na maelfu ya watu kupitia mtambo, na hapendi kabisa kuguswa. Mwanawe Kuno anaishi upande wa pili wa dunia. Ombi lake ni moja: mama, njoo tuonane uso kwa uso. Mama anaona ni usumbufu. Si tunaonana hapa hapa kwenye kioo?

Sasa, Mashine hiyo haimchukii mtu. Haina kinyongo wala njama. Inachakaa tu, kama geti la kanju, yaani la halmashauri ya jiji. Muziki unaanza kukwaruza. Vashti anapeleka malalamiko kwa kamati ya matengenezo, anaambiwa yatashughulikiwa. Mkwaruzo unabaki, na watu wanauzoea, hadi wanausikia kama sehemu ya wimbo. Baadaye matunda yanaota ukungu, maji ya kuoga yananuka. Wananung'unika, kisha wanazoea. Siku vitanda vinapokataa kuja vikiitwa ndipo wanashtuka, na kufikia hapo hakuna aliyebaki anayeuelewa mtambo mzima. Kila fundi anajua kona yake.

"Si hiyo ni sisi na 'mtandao umekwama, jaribu baadaye'?" mwenyeji wetu akasema, akicheka.

Ni sisi. Mwaka jana, jioni moja ya mwisho wa mwezi, nilikuwa ndani ya matatu ya kurudi nyumbani pesa za simu zikagoma. Makanga alipoanza kukusanya nauli, simu zilitolewa zikainuliwa hadi dirishani, kila mtu akitafuta mtandao kama anayetafuta hewa. Msichana mmoja mwenye sare ya uuguzi alimwonyesha salio lake: shilingi elfu nne na mia mbili. Makanga akaliangalia vizuri, kwa heshima zote.

"Siste, hiyo ni picha. Mimi nataka pesa."

Watatu walishushwa. Mzee aliyekaa karibu na mlango akatoa noti ya mia mbili, imekunjwa mara nne hadi imekuwa kama kidonge, akamlipia yule msichana. Akanilipia na mimi. Ndiyo, nami sikuwa na hata sarafu, na kwenye mkoba wangu mlikuwa na insha thelathini nilizotoka kuzisahihisha kuhusu umuhimu wa teknolojia.

Wiki iliyofuata nilitoka tena nyumbani bila noti mfukoni. Mkwaruzo ulikuwa umeshakuwa wimbo.

Dhana: "Hatari ni siku roboti wataamka watumalize."

Neno roboti lilitoka kwenye tamthilia ya Mcheki Karel Čapek, R.U.R., ya mwaka 1920. Kakake Josef ndiye aliyempendekezea. Limetokana na robota, kazi ya shuruti ambayo mkulima alimfanyia mwenye shamba bila ujira. Roboti wa Čapek hawana waya wala nati, wameumbwa kwa kitu kama nyama. Ni kweli wanaasi na kuwamaliza binadamu, hapo simbishii mtu. Ila wanaasi kama vibarua waasivyo, na sisi tumelishika lile la kuasi tukaliacha la kibarua.

Hapa Nairobi kibarua hayuko mbali. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa mji huu walikuwa wamelipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu, ya ukatili na unyanyasaji, na kuyawekea alama ili programu ya ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Mtu anayeongea na programu hiyo akiwa California anaona mashine yenye adabu. Adabu hiyo iliwapitia kwanza watu waliopanda matatu asubuhi, wakakaa mbele ya skrini, wakasoma yasiyosomeka hadi jioni.

Dhana: "Huwezi kutekwa na mashine mpaka serikali ikulazimishe."

Hili ndilo lililozua kelele nyingi zaidi, na watu wamejazwa imani hiyo na Orwell peke yake. Katika Brave New World ya Aldous Huxley, ya 1932, hakuna haja ya kumpiga mtu rungu. Watu wanameza vidonge vya kuwaliwaza, viitwavyo "soma", na kufurahi. Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, ya 1953, hunukuliwa kila mara kama kitabu cha serikali inayochoma vitabu. Kisome. Kapteni Beatty, mkuu wa wachomaji, anaeleza wazi kwamba jambo hilo halikuanzia juu. Watu wenyewe waliacha kusoma, wakapenda kuta za televisheni na vile vidude vya masikioni, na kiberiti kilikuja baadaye kumalizia.

Mwanzoni mwa Agosti 2023 foleni ndefu zilionekana KICC, lile jumba la mikutano katikati ya jiji letu. Watu walikuwa wakisubiri kuangalia ndani ya mpira unaong'aa uliopiga picha ya mboni ya jicho, kwa mradi wa Worldcoin, wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Tarehe 2 mwezi huo serikali ilisimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zilizokusanywa zifutwe. Angalia vizuri nani alikuwa anavuta wapi: hapa serikali ndiyo iliyosema basi, na wananchi ndio waliokuwa wakisukumana kuingia.

Mmoja wetu alikuwa kwenye foleni ile. Hana aibu nalo. "Mwalimu, elfu saba ni kodi ya nyumba," aliniambia, na sikuwa na jibu. Hadithi ya distopia inayopuuza kodi ya nyumba imeandikwa na mtu ambaye landilodi hajawahi kumfungia mlango kwa kufuli.

Dhana: "Hayo ni mambo ya Wazungu."

Kakangu mmoja kikaoni alisema sisi tuna shida zetu halisi, tuwaachie wao ndoto mbaya. Nilimwomba atoe kipande chake. Akatoa kitambulisho, bila kufikiri, kwa sababu ndivyo tunavyokiita mpaka leo. Kipande cha kwanza kilitokana na sheria ya mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye jina, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake, ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wako wazee waliokifananisha na kengele ya mbuzi. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, umetoroka kazi, na polisi wa mtaa wowote angeweza kukusoma kifuani. Hapakuwa na umeme ndani ya kibweta kile. Kilikuwa hifadhidata inayotembea kwa miguu, na mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walikipinga mapema miaka ya 1920, kabla Orwell hajaandika kitabu chochote.

Na hadithi tunazo. Katika filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya 2009, vita vya maji vimekwisha miaka 35 iliyopita na watu wanaishi ndani ya jumba lililofungwa liitwalo Maitu, neno la Kikuyu la mama. Jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena. Ukiota ndoto, unaamriwa umeze kidonge cha kuizima. Asha, mtunza makumbusho, anaota mti. Katama Mkangi naye, katika Walenisi ya 1995, alipita njia ya kinyume, akajenga nchi inayotenda haki ili tuione yetu kwa aibu. Jina lenyewe ukilitamka polepole ni "wale ni sisi". Wanafunzi wangu huliona hilo kabla yangu.

Dhana: "Kwa hiyo mnataka turudi kwenye mishumaa."

Hapana. Nakumbuka kabla pesa za simu hazijaja mwaka 2007, pesa za nyumbani zikitumwa kwa bahasha kupitia dereva wa basi, na dua juu yake. Sitaki kurudi huko. Hata Kuno hakumwomba mama yake avunje Mashine; alimwomba aje. Yeye mwenyewe alikuwa amejizoesha kutembea, hatua chache kila siku, akatafuta njia ya kupanda hadi juu ya ardhi kwa miguu yake, wakati Mashine bado inafanya kazi vizuri.

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Asubuhi kwetu ilikuwa bado. Simu yangu ilikuwa imezima, na pesa zangu zote zilikuwa ndani yake. Nilikwenda dukani hivyo hivyo nikajieleza. Mama wa duka hakunipa pole. Aliinua trei ya mayai, akachomoa daftari lenye jalada lililolowa mafuta na kalamu iliyofungwa kwa uzi, akalamba kidole, akafungua.

"Mwalimu wa hesabu ama wa Kiswahili?"

Kumbe tulikuwa wawili wanaokopa.

"Wa Kiswahili," nikasema.

Akaandika: Mwl. Kisw., maziwa 2, mkate 1, 185. Akageuza daftari, akaninyoshea kalamu nitie sahihi.